Tarakimu Mbili Mwanzoni mwa Wimbo: Historia Fupi ya Alama za Mapigo



Walimu wa kwaya wa vigango vyetu wametuuliza mara nyingi juu ya jambo linaloonekana dogo, ambalo hata hivyo huzua ubishi mkubwa katika mazoezi. Nalo ni zile tarakimu mbili zinazopandana mwanzoni mwa wimbo ulioandikwa kwa nota: 4/4, 3/4, 6/8 na nyinginezo. Kwaya mbili zinapokutanishwa kwa ajili ya sikukuu, hutokea kwamba wimbo ni uleule, maneno ni yaleyale, sauti nne zote zimekamilika, lakini kufikia ubeti wa pili kila kwaya imeshika njia yake. Hawa wanahesabu tatu, wale wanahesabu mbili. Kila mwalimu anainua karatasi yake kama ushahidi, na karatasi zote mbili zimenakiliwa kwa mkono kutoka karatasi nyingine, na katika kunakili tarakimu zile zimeachwa, kwa kuwa mnakili alizidhania kuwa pambo.

Tarakimu hizo si pambo, wala si amri iliyoshuka kutoka mbinguni. Ni mapatano kati ya mtunzi na waimbaji juu ya swali moja: uzito unaangukia wapi? Historia ya mapatano hayo ni ndefu, imepitia ugomvi ndani ya Kanisa lenyewe, na ina la kutufundisha sisi tunaoimba kwa Kiswahili.

Tarakimu zinasema nini

Tuanze na maana yenyewe. Tarakimu ya juu hutuambia mapigo mangapi yanahesabiwa katika kila kipimo, yaani kila nafasi iliyo kati ya mstari wa wima na mwingine. Tarakimu ya chini hutuambia ni nota ya aina gani inayohesabiwa: 2 ni nusu, 4 ni robo, 8 ni thumni, yaani sehemu ya nane ya nota nzima. Kwa hiyo 3/4 ni robo tatu katika kila kipimo, na 6/8 ni thumni sita.

Hapo mwanafunzi mwerevu huuliza: kama robo moja ni thumni mbili, basi robo tatu ni thumni sita, je, 3/4 na 6/8 si kitu kimoja? Kwa hesabu ya darasani ni kitu kimoja. Kwa muziki sivyo. Ndugu msomaji, piga makofi sita yaliyo sawa, kisha utie nguvu katika la kwanza na la nne. Umepata makundi mawili ya makofi matatu; hiyo ndiyo 6/8, nayo huyumba kama mama anayebembeleza mtoto. Sasa piga sita tena, ukitia nguvu katika la kwanza, la tatu na la tano. Umepata makundi matatu ya makofi mawili. Hiyo ndiyo 3/4. Makofi hayakuongezeka wala kupungua. Kilichohama ni uzito.

Sisi wakazi wa Kilosa na Mikumi tuna mfano wa jambo hili karibu na nyumba zetu. Reli ya Kati, iliyofika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914 ikipitia Kilosa, ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. Tawi lake lililojengwa katika miaka ya 1960 kutoka Kilosa kupitia Mikumi hadi Kidatu lina upana huohuo. Lakini TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, ina milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, ambazo hazifiki upana wa kiganja, na kwa sababu ya hizo behewa la upande mmoja haliwezi kuendelea upande wa pili. Mzigo sharti uhamishwe. Reli mpya ambayo treni zake za abiria zimepita Kilosa tangu mwaka 2024 ina milimita 1,435. Mzigo waweza kuwa mmoja, gunia lilelile la mpunga, lakini ukikosea reli hauendi popote. Ndivyo ilivyo kwa thumni sita.

Karne nyingi bila tarakimu

Wengi hudhani kwamba Kanisa limeimba kwa tarakimu hizi tangu mwanzo. La hasha. Kwa zaidi ya miaka elfu moja Wakristo waliimba bila alama yoyote ya mapigo.

Hii haina maana kwamba hawakutafakari juu ya mapigo. Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa Hippo, aliandika vitabu sita juu ya muziki, kazi aliyoianza mwaka 387, na sehemu kubwa ya vitabu hivyo inahusu mizani: silabi ndefu na fupi, na jinsi zinavyopangwa zikapendeza sikio. Washairi wetu wa Kiswahili, wanaohesabu mizani nane kwa nane katika kila mshororo, wangemwelewa bila shida.

Katika karne ya 11 mtawa Guido wa Arezzo alifundisha kuandika sauti juu ya mistari, akazipa majina ut, re, mi, fa, sol, la. Tangu hapo mwimbaji aliweza kujua sauti ipande au ishuke kiasi gani hata kama hajawahi kuusikia wimbo. Lakini nota za Guido hazikusema lolote juu ya urefu wa kila sauti. Katika wimbo wa Kigregoriani maneno ndiyo yaliyoongoza: sauti ilitembea kwa mwendo wa sala, ikapumzika sala ilipopumzika. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofungua misioni ya Bagamoyo mwaka 1868, na baadaye kuingia bara hadi Morogoro, walikuja na uimbaji huo wa Kilatini. Wazee wetu waliojifunza nyimbo hizo misioni waliimba muziki usio na tarakimu, na waliimba pamoja.

Duara kamili na nusu duara

Haja ya kupima mapigo ilizaliwa pale watu walipoanza kuimba sauti mbalimbali kwa wakati mmoja. Sauti moja ikitembea peke yake haimgongi mtu. Zikiwa mbili, tatu au nne, sharti kila moja ijue mwenzake yuko wapi. Mwishoni mwa karne ya 12, katika Kanisa Kuu la Notre-Dame mjini Paris, waimbaji walianza kupanga sauti ndefu na fupi kwa utaratibu maalumu. Katika nusu ya pili ya karne ya 13, Franco wa Cologne akatoa kanuni iliyo wazi: umbo la nota lenyewe lioneshe urefu wake. Kwa Franco kipimo kikamilifu kilikuwa cha tatu, naye alilieleza jambo hilo kwa kulitaja Fumbo la Utatu Mtakatifu. Kipimo cha mbili kilihesabiwa kuwa pungufu.

Takribani mwaka 1320, nchini Ufaransa, yalitokea mafundisho yaliyojulikana kama Ars nova, yaani Sanaa Mpya, yanayohusishwa na Philippe de Vitry, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa Meaux. Mafundisho hayo yaliipa mbili heshima sawa na tatu. Hapo ndipo zilipozaliwa alama za mapigo. Duara kamili lilionesha kipimo cha tatu, kwa kuwa duara halina mwanzo wala mwisho. Nusu duara lilionesha kipimo cha mbili. Nukta ikiwekwa ndani ya duara au nusu duara, ilionesha kwamba vipande vidogo navyo vinagawanyika kwa tatu.

Hapa tunaomba walimu wetu wa kwaya wasimame kidogo. Ile alama inayofanana na herufi C, ambayo huandikwa mahali pa 4/4, na ambayo wengi hufundisha kwamba ni kifupi cha neno la Kiingereza, kwa asili si herufi hata kidogo. Ni lile nusu duara la karne ya 14, limebaki katika karatasi zetu kwa muda wa miaka mia saba. Nusu duara hilo likikatwa kwa mstari wa wima, mapigo huhesabiwa kwa nusu badala ya robo.

Je, Kanisa lilishangilia? Halikushangilia. Mwaka 1324 au 1325 Papa Yohane XXII, akiwa Avignon, alitoa hati iitwayo Docta sanctorum patrum, akiwakemea waimbaji wa mtindo mpya. Malalamiko yake yalikuwa na msingi: nota zilikatwakatwa vipande vidogo mno, sauti zilikimbizana, na maneno matakatifu hayakusikika tena. Kipimo kilichobuniwa ili sauti zipatane kilikuwa kimeanza kulimeza Neno. Tukumbuke onyo hilo, maana tutalihitaji.

Baadaye tarakimu ziliingia kupitia hesabu za uwiano, kama vile tatu mahali pa mbili, na katika karne ya 17 mistari ya wima inayotenga vipimo ikawa jambo la kawaida. Duara kamili likatoweka. Nusu duara peke yake ndilo lililosalia, likisindikizwa na tarakimu tunazozijua leo.

Solfa na njia yake ya kuja kwetu

Lakini wengi wa wanakwaya wetu hawakuanzia kwenye mistari mitano. Walianzia kwenye solfa: d, r, m, f, s, l, t. Mfumo huo una chimbuko lake kwa Bi Sarah Glover (1786–1867), mwalimu wa Norwich nchini Uingereza, aliyetafuta njia rahisi ya kuwafundisha watoto kuimba. Mchungaji John Curwen (1816–1880) aliuboresha na kuueneza, na kutoka hapo ulisafirishwa na wamisionari hadi pembe nyingi za Afrika. Ulikuwa wa gharama ndogo: haukuhitaji karatasi yenye mistari, wala matbaa yenye vifaa vya nota. Herufi za kawaida zilitosha.

Wako wanaoidharau solfa wakisema haina mapigo. Wanaosema hivyo hawajaitazama vizuri. Katika solfa mstari wa wima hutangulia pigo lenye uzito. Nukta mbili zilizopandana hutangulia pigo jepesi. Na katika kipimo cha nne, mstari mfupi hutangulia pigo la tatu, lenye uzito wa kati. Nukta moja hugawa pigo katikati, na kistari hurefusha sauti iliyotangulia. Kwa hiyo hata mahali ambapo tarakimu hazikuandikwa, macho yanaona uzito katika kila hatua. Pengine tuseme kwamba katika jambo hili solfa ni mnyofu kuliko nota: nota hutaja mapatano mara moja tu mwanzoni, na solfa huyarudia katika kila kipimo. Ndiyo sababu kuacha zile nukta na mistari wakati wa kunakili, na kubakiza herufi tupu, ni kuutoa wimbo mifupa yake.

Wimbo wa Taifa letu ni shahidi. Lahani yake ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misioni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, ambaye aliandika nyimbo zake kwa solfa. Lahani ambayo sote tunaisimamia kwa heshima iliwekwa kwanza katika daftari la mwalimu wa kwaya.

Uzito wa Kiswahili

Sasa tumefika kwenye kiini cha tafakari yetu. Kiswahili kina kanuni yake ya uzito: mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Tunasema IM-ba, lakini i-MBE-ni, na tu-mwi-MBI-e. Neno likirefuka, mkazo nao husogea. Na mkazo si jambo la mapambo. Bara-BA-ra ni njia ipitayo magari. Ba-RA-bara ni sawasawa kabisa. Herufi ni zilezile, uzito umehama, na maana imehama pamoja nao. Tena ile m ya mtu na ile n ya nchi ni silabi kamili, nayo ndiyo inayobeba mkazo. Mtunzi asipoipa nota yake, neno huvunjika mdomoni mwa mwimbaji.

Nyimbo nyingi za Ulaya zilitungwa kwa lugha ambazo mstari waweza kumalizikia silabi nzito. Lahani zake huanza kwa pigo jepesi na kutua juu ya pigo zito. Maneno ya Kiswahili yalipovalishwa lahani hizo, mwisho wa mstari ulilazimisha uzito mahali pasipostahili, na waumini wakajikuta wakiimba mu-NGU, bwa-NA, i-ma-NI. Padre wa Kianglikana A. M. Jones, aliyefanya utume kwa miaka mingi katika nchi ambayo leo ni Zambia, alilishughulikia tatizo hili kwa makini, na akaona wazi kwamba tafsiri nzuri juu ya lahani isiyofaa humpa mwimbaji Mwafrika maneno ambayo sikio lake linayakataa.

Mambo yakigeuzwa, mzigo nao hugeuka. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, mchungaji wa Kilutheri hapa nchini, aliandika kwa Kiswahili wimbo wa Pasaka “Mfurahini, Haleluya” juu ya lahani ya asili. Wimbo huo ulivuka bahari, ukaingia katika vitabu vya nyimbo vya Wajerumani na Wamarekani. Safari hiyo wao ndio waliotafuta maneno ya kutoshea mapigo yetu.

Mbili na tatu kwa pamoja

Liko jambo jingine ambalo tarakimu hulieleza kwa shida. Yakumbuke yale makofi sita. Katika ngoma nyingi za watu wa Kibantu hatuchagui kati ya makundi mawili na makundi matatu: tunayapiga yote kwa wakati mmoja. Ngoma moja inasema mbili, nyingine inasema tatu, na mchezaji anatembea katikati yao bila kupotea. Je, hiyo iandikwe 6/8 au 3/4?

Jones huyohuyo, katika kitabu chake Studies in African Music cha mwaka 1959, alimwandikia kila mpigaji mistari yake ya vipimo, na mistari hiyo haikulingana na ya jirani yake. Wasomi waliofuata walipinga. Kofi Agawu wa Ghana ametukumbusha kwamba wapigaji hawaishi katika dunia mbalimbali: liko pigo moja linalowaunganisha, hata pale lisipopigwa na ngoma yoyote, nalo huonekana katika miguu ya wachezaji. Tunadhani fundisho hilo ni la thamani kubwa kwa mwalimu wa kwaya aliyeketi na kalamu yake akijaribu kuandika wimbo alioupokea kwa bibi zetu wa Kikaguru, Kisagara au Kividunda. Asiulize kwanza ngoma inasema nini. Aulize mguu unakanyaga wapi.

Kanisa lilikuwa tayari kulisikia hilo. Mwaka 1958 huko Kamina, Kongo, Padre Guido Haazen, Mfransisko, aliwaongoza vijana wake kuimba Misa iliyojulikana kama Missa Luba, ambayo kwa sehemu kubwa waimbaji waliibuni kwa kuimba. Nota zilikuja baada ya muziki. Mwaka 1963 mwenzetu Padre Stephen Mbunga wa Tanganyika alichapisha kitabu Church Law and Bantu Music, akionesha jinsi sheria za Kanisa kuhusu muziki mtakatifu zinavyoweza kukutana na muziki wa Kibantu. Tarehe 4 Desemba mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa Konstitusio juu ya Liturujia, ambayo katika namba 119 inataka muziki wa mapokeo ya watu upewe heshima na nafasi inayostahili.

Tufanye nini basi?

Kutokana na historia hii tunawapendekezea walimu wetu mambo matatu. Kwanza, kabla ya kuandika tarakimu yoyote, someni maneno ya wimbo kwa sauti, kama msomaji wa somo anavyosoma mimbarini. Silabi zenye mkazo zitajionesha zenyewe. Ziwekeni juu ya mapigo mazito, na tarakimu zitajulikana. Pili, mnaponakili, nakilini yote: tarakimu, mistari, nukta na vistari. Mwalimu akihama au akifariki, karatasi ndiyo itakayobaki kufundisha, na karatasi yenye upungufu haitaweza kujibu swali. Tatu, 6/8 haina maana ya wimbo wa haraka, wala 3/4 ya wimbo wa taratibu. Tarakimu hazisemi mwendo, zinasema uzito. Mwendo ni kazi ya anayeongoza, akiangalia maneno na tendo la liturujia linaloendelea.

Na kwaya mbili zinapobishana, tusianze kwa kuuliza karatasi ya nani ni nzuri zaidi. Tuwaombe wote waweke karatasi chini na kuyatamka maneno pamoja mara mbili. Mara nyingi ubishi huishia hapo, kwa maana Kiswahili chetu ni kimoja, Kilosa na Mikumi. Papa Yohane XXII hakuchukia nota. Alililia Neno lisilosikika. Muumini aliyeketi benchi la mwisho, asiyejua 4/4 wala solfa, ana haki ya kusikia Mu-ngu ikiimbwa kama anavyoisema katika sala zake nyumbani.